Wiki Tatu za Kusimama

Wanaomkumbuka Mwalimu Mkuu wetu huanza na baiskeli yake. Ilikuwa baiskeli ya kiume, ile yenye chuma cha katikati, na aliipanda na sketi yake nyeusi bila kumwomba mtu radhi. Mimi naanza na kiti. Ofisini kwake kulikuwa na kiti kimoja cha mninga, kigumu, kisicho na mto wala kitambaa, na kwa miaka mingi niliyofundisha chini yake sikumwona akikikalia zaidi ya dakika tano. Mgeni akija, kiti kilikuwa cha mgeni. Yeye alisimama dirishani, akazungumza huku jicho moja liko kwenye uwanja wa shule.

Tulidhani ni ukali. Shule yetu ilikuwa kwenye barabara ya kwenda Chala, mahali ambapo upepo wa mwezi wa sita hauna kitu cha kuuzuia, na mwalimu aliyependa kuota jua nyuma ya darasa alijua kwamba kuna mtu amesimama dirishani anamwona. Hakutuita kwa majina. Alituita kwa madarasa yetu. Mimi nilikuwa "wewe wa Darasa la Tatu," na nilipopandishwa kufundisha la sita niliendelea kuwa wa Darasa la Tatu, kwa sababu alisema ameshanizoea.

Usimweke mtu huyu kwenye fremu ya watakatifu. Alikuwa na vituko vyake. Zilikuwa enzi za ruksa, soko limefunguliwa, malori ya wanunuzi wa mahindi yanapanda hadi vijijini na nguo za mitumba zinamwagwa chini kwenye kila mnada. Jumatatu alisimama mbele ya gwaride akalaani soko huria kwamba litatuuza sisi wenyewe. Jumamosi yake ungemkuta mnadani, ameinama juu ya rundo la mitumba, anapekua sweta kwa bidii ya kuku. Ukimkumbusha maneno ya Jumatatu alikujibu kwamba sweta halina siasa. Alikataza watoto kula pilipili mbichi shuleni, na ndani ya mkoba wake kulikuwa na kichupa cha pilipili kichaa ambacho hakikosekani. Alipiga fimbo, tena sana, kisha akamkalisha mtoto yule yule jikoni kwake akampa uji wa ulezi.

Lakini kituko kikubwa kuliko vyote kilikuwa hiki. Mtu aliyechukia uongo kuliko wote niliowajua alitudanganya kwa miaka tisa.

Alisema anaumwa mgongo. Miaka yake ya mwisho kazini aliacha kuipanda baiskeli, akawa anaikokota kilomita zote kutoka kwake hadi shuleni, na tukisema "Shikamoo Mwalimu, kulikoni?" anajibu marahaba, mgongo tu. Basi kijiji kikaushughulikia mgongo. Mwalimu wa Darasa la Tano alileta mafuta ya kuchua. Mzazi mmoja alileta mtaalamu wa mifupa kutoka Mwimbi, akambonyeza pingili moja moja na kutangaza kwamba ya nne imehama. Kina mama wa jumuiya walifanya novena nzima, sala za siku tisa. Mgongo ule uliombewa kuliko mvua, na haukuwa na kosa lolote.

Alichokuwa nacho ni bawasiri. Vinyama vilivyovimba njia ya haja kubwa, vinatoka, vinarudi, vinatoa damu, mpaka siku moja vikakataa kurudi. Sketi zile nyeusi, ambazo tulidhani ni ukali mwingine, zilikuwa za kuficha damu. Kusimama dirishani kulikuwa ni kushindwa kukaa. Nilipojua, nilijisikia vibaya kwa ajili ya kila siku niliyomwona anaikokota baiskeli ile kwenye upepo nikampita na kusema pole ya mgongo.

Kwa nini alificha? Nilimuuliza baadaye, na alinijibu bila kupepesa. Alisema mwalimu mkuu mbele ya watoto mia tatu ana kichwa, ana mkono wa kulia na ana sauti. Kiungo kile kingine haruhusiwi kuwa nacho.

Aliyemtoa kwenye uongo hakuwa daktari. Alikuwa mama mmoja wa Kisukuma, wa familia za wafugaji waliohamia na ng'ombe wao bondeni Rukwa. Vinyama vilipokataa kurudi, yeye na Mwalimu Mkuu walilazwa vitanda vya jirani katika wodi ya wanawake mjini Sumbawanga, ugonjwa mmoja. Mama yule alikuwa ametoka damu miaka mingi, na kwao alisema ni tumbo. Kwa hiyo waganga walilitibu tumbo. Mwalimu Mkuu alituambia kwamba muuguzi alipolifunua lile tumbo ili alioshe, lilikuwa limejaa chale kutoka mbavuni hadi kitovuni, mpya juu ya za zamani, na wakati wote huo tumbo lilikuwa zima. Mwenyewe alikuwa mweupe mpaka ndani ya midomo. Ilibidi aongezwe damu ya watu wawili kabla hajaguswa kwa kisu.

"Nikamwangalia," Mwalimu Mkuu alisema, "nikajiona mimi na mgongo wangu."

Mama yule alipona, akarudi bondeni. Mwalimu Mkuu naye alirudi kwetu, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Ninyi mnaojua desturi ya kwenda kumwona mgonjwa mnajua ilivyo. Unakwenda na kitu mkononi, unapiga goti, unauliza anaendeleaje, na mgonjwa anajibu kwa lugha ya staha: tumbo, homa, presha, mambo ya ndani. Watu walikwenda kwa Mwalimu Mkuu na mayai yao na unga wa ulezi, wakauliza mgongo unaendeleaje. Akawajibu kwamba mgongo haujawahi kuumwa, amekatwa bawasiri, vinyama vitatu, na anawaomba radhi kwa novena. Kisha akaeleza. Sindano ilichomwa mgongoni, ndiyo kazi pekee ambayo mgongo ulifanya. Miguu ikafa ganzi, akasikia vyuma vikigongana nyuma yake. Mara tatu kwa siku anakaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi. Na siku ya kwanza ya kwenda haja kubwa, alisema, huko msalani hospitalini alishika ukuta kwa mikono miwili akaimba wimbo wa kuingilia misa, beti zote, kwa sauti ya juu. Nje watu walisimama na kuvua kofia.

Wageni walitazama mayai yao. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia taratibu kwamba si lazima kila kitu kisemwe. Mwalimu Mkuu alimuuliza kama anaumwa mahali pale. Mzee akasema hapana. Akamuuliza tena. Mzee akaaga. Mwezi uliofuata tulisikia yuko hospitalini, na wala hatukuuliza anaumwa nini.

Sketi nyeusi aliziweka kando. Akiwa bado wodini aliagiza mnadani gauni la njano, limeng'aa kama ua la alizeti, akasema hana tena cha kuficha. Daktari alikuwa amemwamuru asikalie kitu kigumu mpaka kidonda kifunge, ale mboga za majani, anywe maji mengi na aache pilipili. Pilipili aliacha kwa siku kumi na moja. Kukaa aliacha kweli. Siku ile tulipomfuata hospitalini kwa pikapu alikataa kiti cha mbele, akapanda nyuma, akasimama ameshika vyuma njia nzima, gauni linapepea. Vyama vingi vilikuwa vimeanza nchini, na huko njiani watu walimpungia mkono wakidhani ni mgombea. Naye akawapungia.

Sasa lazima niseme jambo ambalo mtu wa Ufipa hahitaji kuambiwa. Kwetu mkubwa akiwa amesimama, mdogo hakai. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, ila magoti yenyewe hukataa kukunjika. Mwalimu Mkuu alirudi kazini mapema kuliko alivyoruhusiwa, na kwa kuwa yeye hakai, na hakutuamuru tena tukae kama zamani, hakuna aliyekaa. Vikao vya walimu vilivyokuwa vinakula mchana mzima vikamalizika kabla chai haijapoa. Kanisani alisimama pembeni ya benchi la tatu wakati wa mahubiri, na kina mama wa benchi la tatu wakasimama, kisha la nne. Padri alitazama akaona nusu ya kanisa iko wima, akadhani wanamdokeza, akafupisha. Waumini waliniambia kwamba ugonjwa ule ulikuwa na baraka zake.

Mwenyekiti wa kijiji hakuona baraka. Yeye na mnunuzi mmoja wa mahindi, mtu wa malori matatu, walikuwa wamekubaliana kwamba uwanja wa shule ujengwe godauni. Uwanja ule ule wa dirishani. Mnunuzi alihitaji mahali tambarare kando ya barabara, na wanakijiji walihitaji mtu wa kununua mahindi yao, kwa hiyo nani angebisha? Nami niseme la kwangu kabla hujaniuliza. Mnunuzi alikuwa ameniahidi ukarani wa godauni. Nilikuwa kijana, mshahara wa ualimu unachelewa, nikaanza kuona kwamba watoto wanaweza kucheza mpira mahali pengine.

Mkutano wa kijiji ulifanyika palepale uwanjani, wiki ya tatu tangu apasuliwe. Wageni waliletewa madawati ya darasani kwangu, Darasa la Tatu. Watu walipomwona Mwalimu Mkuu amesimama karibu na goli, ndani ya gauni la njano, nao wakabaki wamesimama. Mwenyekiti aliwaamuru wakae. Akasema Mwalimu ana ruhusa maalumu, ninyi kaeni. Wakakaa kwenye nyasi kwa kusitasita, wengine wakichuchumaa tu, kana kwamba wamekaa nusu.

Mnunuzi akaongea vizuri. Maendeleo, bei, barabara. Alipomaliza, Mwenyekiti hakusema wanaokubali wanyooshe mikono, kama ilivyo kawaida. Alikuwa mjanja. Alisema asiyekubali na asimame ili aonekane. Nani asimame peke yake, mbele ya mtu mwenye malori, wakati ghala lake nyumbani limejaa mahindi yanayomsubiri mnunuzi yule? Mwalimu Mkuu akasema yeye amesimama, kwa hiyo aandikwe.

Mwenyekiti akatabasamu. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naandika muhtasari.

"Mwalimu, wewe hatukuhesabu," alisema. "Wewe unasimama kwa sababu ya kidonda chako cha huko nyuma. Kijiji kizima kinajua, umekitangaza mwenyewe."

Watu wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha, na kicheko kile kiliniuma hata mimi mwenye tamaa ya ukarani. Wiki tatu alikuwa ametembea na ukweli wake mkononi, na sasa mtu ameuchukua na kumpiga nao. Niliona uso wake ukibadilika. Nilifikiri ataondoka. Nadhani Mwenyekiti naye alifikiri hivyo, kwa sababu alinigeukia akaniambia niandike kwamba hakuna pingamizi.

Mwalimu Mkuu hakuondoka. Alitembea kutoka golini hadi kwenye madawati, hatua fupi fupi kama alivyotembea siku zile, akamwomba mnunuzi asogee. Mnunuzi akasogea. Akashika ubao wa dawati kwa mikono miwili, akakaa.

Hakukaa kwa ubavu wala kwa ncha. Alikaa mzima, uzito wote, juu ya ubao mtupu wa Darasa la Tatu, na kidonda hakijafunga. Rangi ilimtoka usoni. Midomo yake ilikuwa inatembea na sikusikia sauti, lakini nilijua ni ule wimbo wa kuingilia misa. Alikaa muda wa mtu kusema Baba Yetu mara mbili bila haraka. Hakuna aliyecheka tena. Kisha akashika tena ubao, akainuka.

"Nilikuwa nimekaa," alisema. "Sasa nimesimama. Hesabu."

Alipogeuka tukaona gauni. Doa halikuwa kubwa, pengine ukubwa wa punje ya hindi, lakini njano ile haikuficha kitu. Mama mmoja aliinuka haraka, akafungua kitenge chake ili amsitiri. Mwalimu Mkuu akamshika mkono kwa upole akauondoa, akabaki hivyo hivyo mbele ya mkutano. Mama yule hakurudi kukaa. Bibi aliyekuwa jirani yake akainuka, na wa nyuma yake. Mwenyekiti akapaza sauti akasema hao wanasimama kwa heshima tu, siyo kwa hoja.

"Heshima nayo ni hoja," Mwalimu Mkuu alijibu. "Waandike."

Wakaandikwa. Waliinuka kina mama wote wa benchi la tatu na la nne, wakainuka wazee, wakainuka vijana wa mpira ambao uwanja ule ulikuwa wao kuliko wa mtu yeyote. Walimu wenzangu wakainuka. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na nilijiambia kwamba mwandishi wa muhtasari haingii kwenye hesabu. Kisha Mwalimu Mkuu akanitazama. Nilisimama, wa mwisho kati ya walimu, na mpaka leo sijui kama niliinuliwa na dhamiri au na magoti ya Kifipa. Sioni tena sababu ya kuwatofautisha.

Godauni lilijengwa mbele kidogo, kwenye kipande cha Mwenyekiti mwenyewe, na mahindi yalinunuliwa vilevile. Uwanja upo. Mwalimu Mkuu alirudishwa hospitalini siku ile ile, na kidonda kikachukua wiki tano zaidi kufunga. Daktari alimfokea sana, alituambia, na alikuwa na haki ya kufoka. Aliporudi tena kazini alikikalia kile kiti cha mninga kutwa nzima, mlango wazi, ili tumwone. Ndipo kwa mara ya kwanza nilipojua kwamba alikuwa mtu mfupi.

Alistaafu, akahamia Chanji, mtaa wa mjini Sumbawanga, nyumba ndogo yenye bustani ya mchicha. Mimi niliendelea kufundisha, nikaoa, nikapandishwa cheo, nikawa mwalimu mkuu wa shule nyingine. Na mimi pia, mtu niliyeyaona yote haya kwa macho yangu na kuyaandika kwa mkono wangu, nilipoanza kuona damu nilimwambia mke wangu ni mgongo. Nilifanya hivyo miaka minne. Nilinunua dawa za kupaka kwenye maduka ambako hawanijui, na nikaanza kupenda suruali nyeusi.

Nilipita kwake siku moja nikitoka kwenye duka kama hilo. Alikuwa ameshazeeka, anatembea na fimbo, macho yamefifia. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha. Nikakaa upande mmoja wa kiti, kwa paja la kushoto, kama nilivyokuwa nimejizoeza. Tukaongea habari za shule, za waliokufa, za bei ya mbolea. Kisha akaniuliza naumwa nini.

"Mgongo, Mwalimu."

"Mgongo," alisema. "Haya."

Akaongeza tu kwamba kesho yake anakwenda hospitali kuangaliwa macho, na kwa kuwa nami naumwa, twende wote, atapata mtu wa kumshika mkono barabarani. Ningekataaje?

Asubuhi ukumbi wa mapokezi ulikuwa umejaa. Wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye mabenchi marefu ya ukutani, wengi watu wa kwetu, kina mama wa vitenge na masweta, wazee wenye kofia mapajani. Mwalimu Mkuu alipata nafasi mwisho wa benchi akakaa, fimbo katikati ya magoti. Mimi nilikwenda dirishani. Muuguzi, binti mwenye sauti ya kuita wagonjwa, aliandika jina langu na umri, akaniuliza kwa sauti ile ile nasumbuliwa na nini.

Nilifungua mdomo kusema mgongo. Nyuma yangu nikasikia fimbo ikigonga sakafu.

Niligeuka. Mwalimu Mkuu alikuwa ameegemea fimbo kwa mikono miwili, anajiinua, polepole, uso umenielekea na macho yale yasiyoona vizuri. Na kwa kuwa mkubwa alikuwa anasimama, mama aliyekaa naye akaanza kusimama. Na wa pili. Benchi zima la wagonjwa wa Sumbawanga, wenye malaria, wenye vifua, mmoja mwenye mguu wa plasta, lilianza kuinuka kwa ajili ya uongo wangu.

"Bawasiri," nilisema. Nikasema tena, kwa sauti ya kufika ukutani. "Naumwa bawasiri, mwaka wa nne sasa."

Mwalimu Mkuu akakaa. Wengine nao wakakaa.